Chai Ipo

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye tangazo. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya wiki mbili ya pamakalcha, yaani kilimo cha kuiga msitu, cheti hata mikunjo hakijapata, nikajiona mtaalamu. Makazi yangu ni chumba cha kupanga Tabata, na huko uani kuna kamba za kuanikia, mwarobaini mmoja na macho ya mama mwenye nyumba. Basi nikachukua kadibodi na maka peni, nikatundika dukani kwa Mangi: "JIFUNZE KULIMA MBOGA NYUMBANI. Jumamosi saa nne. Ada elfu tano. CHAI IPO."

Sisi wa kilimo hai tukisema chai, tunasema ile ya kunywesha mchicha. Unafunga samadi kwenye kiroba, unailoweka, unakoroga kila siku, baada ya wiki mbili hivi unazimua kwa maji mpaka ifanane na chai ya rangi nyepesi, ndipo unamwagilia. Kufafanua yote hayo kadibodi isingetosha.

Kosa la pili ni mfuniko. Siku ya tatu mama mwenye nyumba alisimama mlangoni kwangu, khanga puani. "Baba, humu ndani kuna kilichokufa?" Mavi ya kuku wa kisasa, niliyopewa bure na jirani, hayana aibu. Nikahamishia kila kitu kwenye dumu la lita 20 la mafuta ya kula, nikakaza mfuniko, nikafunga na mpira wa baiskeli juu yake. Harufu ikakoma. Mafunzoni tuliambiwa kabisa chombo kisizibwe, maana kinachochacha hutoa hewa. Lakini mafunzo hayalipi kodi ya chumba.

Jumamosi walikuja watu 11. Nilitegemea watano. Wamama wawili wakaulizana kwa sauti kama chapati zinapikwa humu humu au zinaletwa. Mzee mmoja alikuja na kikombe chake cha bati, akavuta kigoda mpaka ukutani, akatulia.

Nikaanza na historia: neno pamakalcha waliliunda Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, miaka ya 1970, na nia ni shamba lijiendeshe kama msitu. Mama mmoja akanikatiza. "Mwanangu, bibi yangu kule Lushoto alichanganya migomba, maharage na magimbi shamba moja. Yeye cheti chake atakifuata wapi?"

Historia ikaishia hapo. Nikakimbilia kilimo cha kwenye kiroba, ambacho nakijua kweli: kopo lisilo na kitako unalisimamisha katikati, unalijaza kokoto, pembeni unashindilia udongo na mboji, unalivuta juu kidogo kidogo mpaka ibaki nguzo ya kokoto ya kupeleka maji chini. Kisha unatoboa ubavuni na kuchomeka matembele. Wakapenda. Hata yule mama wa Lushoto aliomba kutoboa mwenyewe.

Saa tano na nusu mzee akagonga kikombe. "Mwalimu, chai."

Moyo ukanijaa. Nikaona huyu ndiye mwanafunzi. "Ndiko ninakoelekea, mzee wangu!" Nikalikokota dumu mpaka katikati ya watu. Lilikuwa limevimba, pembe zote zimepotea, limekuwa kama chura aliyekasirika. Mama mwenye nyumba, dera jipya, yuko tayari kwa harusi Kigogo, akasogea naye aione hiyo chai. Nikafungua mpira. Nikazungusha mfuniko nusu.

Lililia kama tairi la bajaji. Mfuniko wenyewe sijauona mpaka leo. Chai ilipanda mpaka kwenye mwarobaini, ikakaa kidogo majanini, kisha ikashuka awamu ya pili kwa wale waliokuwa wanamshukuru Mungu wamesalimika. Maji ya bomba yalikatika tangu alfajiri. Tulikuwa na ndoo mbili tu, nilizoweka ili nifundishie kuzimua.

Mama mwenye nyumba alilitazama dera lake, akanitazama mimi. "Baba, kodi yako inaisha lini?"

Kule ukutani mzee hakuwa ameguswa hata na tone, isipokuwa kikombe chake, ambacho kilikuwa kimepata karibu robo. Akachungulia ndani, akanusa, akanyoosha mkono kunirudishia.

"Yangu usitie sukari, mwalimu. Daktari kanikataza."