Achia Mpira, Kocha

Mchezaji mkali hajawahi kumsumbua kocha wa raga. Mkali unampunguza, basi. Shughuli ni kumwongeza mpole, na timu yangu ilikuwa na mpole mmoja, pande la mtu, mabega yanaingia mlangoni kwa zamu. Wenzake walimwita Samahani, kwa kuwa hilo ndilo neno alilotamka kila alipokwenda kumkaba mtu, yaani kumshika mwenye mpira amwangushe. Si baada ya kumkaba. Kabla.

Mwenye mpira anakuja mbio, Samahani anapunguza mwendo, anafumba macho, anasema "samahani kaka", kisha anamkumbatia kiunoni kama anayemuaga mjomba kituo cha basi. Mjomba anashukuru, anachomoka, anakwenda kufunga trai, anautua mpira nyuma ya mstari wetu wa goli.

Jioni moja nikaapa kwamba haendi nyumbani mpaka amwangushe mtu. Nikawaanzisha wote wakiwa wamepiga magoti, maana anayeogopa kuanguka ukimpunguzia safari ya kwenda chini, na hofu nayo hupungua. Tukapanda hadi kutembea, kisha kukimbia polepole, huku mimi nikimfuata Samahani nyumanyuma nikimwimbia yale yale. Usimtazame machoni, macho yanadanganya. Mikono nayo inadanganya. Tazama nyonga, hakuna mtu aliyewahi kwenda kulia nyonga zake zikaenda kushoto. Ukimkaribia, fupisha hatua. Mguu wa mbele ukanyage karibu naye kabisa, na bega la upande wa mguu huohuo ndilo ligonge. Mgongo umenyooka, kidevu kimeinuka, macho wazi, Samahani, macho!

Kwenye suala la kichwa huwa sifanyi mzaha. Kichwa cha mkabaji kikae nyuma ya mwenzake, kisikatize mbele ya njia yake hata siku moja. Watu hudhani anayegongwa ndiye aliye hatarini, kumbe katika ukabaji mtikisiko wa ubongo humpata zaidi yule anayekaba. Goti la mwenzako haliulizi kama ulikuwa na nia njema.

"Kwa hiyo shavu lako liende kwenye tako," nikamwambia.

"Tako la nani, kocha?"

"La mwenye mpira!"

"Bila kumwomba?"

Nikavuta pumzi. Nikamweleza kwamba hata sheria iko upande wake, haimtaki aende juu kukutana na nyuso za watu. Kukaba juu ya mstari wa mabega ni marufuku, na kwenye raga ya ridhaa wengine wameshusha zaidi: Ufaransa hadi kiunoni tangu 2019, Uingereza hadi chini ya mfupa wa kidari tangu 2023. Habari hizo zilimchangamsha sana. Nadhani aliona mwelekeo ni mzuri, kwamba tukivumilia miaka michache watapiga marufuku ukabaji wote.

Ikabaki mikono na miguu. Mikono izunguke mapaja na kubana, kwani ukimgonga mtu kwa bega bila hata kujaribu kumshika, hiyo ni penalti. Kisha iteremke hadi magotini, mtu akiwa amebanwa magoti hana pa kwenda ila chini. Miguu nayo isilale. Wengi hufika vizuri, hugonga vizuri, halafu husimama kusubiri makofi. Samahani akalivaa gunia la mazoezi, na kwa mara ya kwanza likaanguka. Akaliinua, akalipangusa vumbi.

Tukamalizia kwa mechi ndogo. Filimbi nilimpa kijana mmoja aliyeteguka kifundo cha mguu, ajifunze urefa badala ya kukaa bure, naye aliipokea kwa uchu wa mtu aliyekosa kucheza majuma kadhaa. Wote nilishawakaririsha kinachofuata mtu akishaangushwa: mkabaji amwachie papo hapo, asimame kwa miguu yake ndipo anyang'anye mpira, aliyeangushwa auachie naye, wanaokuja kusaidia waingie kutoka upande wao, si ubavuni. Kwa Samahani nikaongeza la mwisho. "Usichague watu," nikamwambia. "Yeyote mwenye mpira ni wako." Nilijisikia kocha kwelikweli.

Giza likaanza kunyemelea. Nikaenda mwisho wa uwanja, nikakusanya mipira iliyozagaa, nikaitia kwenye neti, nikazungusha kamba ya neti kifundoni mwa mkono, nikaitupia neti begani na kukata uwanja katikati. Mechi niliona kama imekwisha. Filimbi ilikuwa haijalia.

Nyuma yangu nikasikia hatua ndefu. Kisha zikafupika. Aliyefundisha hatua zile anazijua.

"Samahani, kocha."

Nikageuka. Macho yake yalikuwa wazi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Bega liliingia pajani, kichwa kikapita nyuma, shavu likatua palepale nilipoelekeza, bila kuomba. Mikono ikafunga na kuteremka hadi magotini, na suruali yangu ya mazoezi ikateremka nayo, maana hata yenyewe haikuwa na pa kwenda ila chini. Miguu yake haikusimama. Tulisafiri. Nikiwa bado hewani nilijikuta nikimkagua: mgongo, safi, kidevu, safi. Nikaangukia neti, na mipira ikanipokea kwa hisani kuliko nyasi ambavyo zingenipokea.

Akaniachia papo hapo. Akasimama, akapanua miguu, akainama, akashika neti kwa mikono miwili na kuvuta. Kamba ikanikaza mkono.

"Achia mpira, kocha."

"Siwezi!"

"Pole sana, kocha. Lakini achia."

Wengine kuona mpira unagombewa, wakaja. Wakaja kutoka upande wao, hilo lazima niliseme, hata mmoja hakuingilia ubavuni. Wa kwanza akajifunga na Samahani, wa timu ya pili wakaja kusukuma upande wa pili, na mimi huko chini na suruali yangu tukawa mpaka wa mataifa mawili. Filimbi ikalia. Nikashukuru. Kijana wa kifundo akaja akichechemea, mkono umenyooshwa juu: penalti. Aliyeangushwa hakuachia mpira.

"Mazoezi yamekwisha!" nikapiga kelele kutoka kati ya viatu.

"Sikupuliza, kocha."

"Nimefungwa na kamba!"

Akaniambia kwa upole kwamba kubishana na refa ni mita 10 zaidi. Akazipima kwa hatua zake za kuchechemea, na walipoona siendi kokote, wakaniburuta pamoja na neti hadi alama mpya.

Nahodha akasema watapiga golini. Refa akamwuliza kwa mpira upi, wakachuchumaa wote kunizunguka kuichagua, wanaibonyeza mmoja mmoja kuona upi una upepo wa kutosha.