Bartoli na ubingwa wanaouita wa mteremko

Wanaombeza Marion Bartoli, bingwa wa tenisi wa Wimbledon 2013, wana hoja moja, nayo ni ya kweli: njia ya ubingwa huo ilimfungukia. Maria Sharapova aliaga raundi ya pili, Victoria Azarenka akajitoa kwa goti, Serena Williams akafungwa na Sabine Lisicki raundi ya nne. Bartoli, Mfaransa aliyepangwa wa 15 kwa ubora kabla ya mashindano, hakukutana na yeyote aliyepangwa juu ya nafasi ya 17.

Sawa. Lakini ratiba haikupigii mipira. Alicheza mechi saba, seti 14, na hakuacha hata moja. Tena hazikuwa za kutembea: seti nne ziliisha 7-5, dhidi ya Svitolina, McHale, Giorgi na Stephens. Mara nne mpinzani alifika gemu tano, na mara nne Bartoli akamfungia mlango kabla ya kufika taibreka, gemu ya kuamua seti ikiwa sare 6-6. Mtu wa zali huteleza angalau mara moja. Na vigogo alishawafunga kwenye nyasi zilezile: Justine Henin akiwa nambari 1 duniani, nusu fainali ya 2007, kisha Serena mwaka 2011.

Kinachosahaulika ni mchezo wenyewe. Alishika raketi kwa mikono miwili kulia na kushoto, alivyofundishwa na baba yake Walter, daktari wa tiba. Ushikaji huo una gharama: mkono haufiki mbali, hivyo mpira wa pembeni unadai hatua moja ya ziada. Dawa yake ilikuwa kusimama ndani ya mstari wa nyuma, hata wakati wa kupokea, na kuuchukua mpira ungali unapanda, kabla pembe haijafunguka. Kwenye nyasi mpira hudunda chini na kuteleza. Anayezungusha raketi kwa mapana huchelewa. Mzunguko wake yeye ulikuwa mfupi.

Udhaifu wake halisi ulikuwa kuanzisha mpira, na hata fainali dhidi ya Lisicki aliipoteza gemu yake ya kwanza ya kuanzisha kwa kukosea. Kisha akachukua gemu sita mfululizo. Seti ya pili, akiongoza 5-1, pointi tatu za ubingwa zikamponyoka na Lisicki akasogea hadi 5-4. Hapo ndipo wengi hushikwa na kigugumizi cha mkono. Yeye alianzisha, hakuruhusu pointi hata moja, na ya mwisho Lisicki hakuigusa.

Siku 39 baadaye, akiwa na miaka 28, alistaafu kwa maumivu ya mwili baada ya kufungwa na Simona Halep huko Cincinnati. Hapa lawama ina uzito fulani: hakulitetea taji, na nje ya Wimbledon mafanikio yake makubwa ni nusu fainali moja ya mashindano ya Ufaransa, Paris. Ila Wimbledon ile ilikuwa Grand Slam yake ya 47, yaani mara yake ya 47 kwenye yale mashindano manne makubwa ya kila mwaka. Kabla yake, hakuna mwanamke aliyewahi kungoja hivyo. Jana Novotna alipata lake kwenye ya 45. Flavia Pennetta alikuja kumpita mwaka 2015, kwenye ya 49, akatangaza kustaafu palepale uwanjani New York. Kweli, Pennetta alimtoa Halep, wa pili kwa ubora, lakini Serena aliondolewa na mwingine, na ubingwa ule sijausikia ukiitwa wa mteremko.