Mwenye mbalanga apimwe masikio pia

Shangazi yangu anauza vitenge sokoni, Morogoro. Mwaka jana nusura agombane na mteja wake wa miaka mingi. Yule mama alisema atatoa elfu sitini kwa doti tatu, shangazi akasikia tisini, akafunga mzigo na kushukuru. Pesa zilipohesabiwa ndipo maneno yakaanza. "Mama, nimesema sitini." "Umesema tisini, nimekusikia kwa masikio yangu." Wenzake wa meza za jirani wakanong'ona kwamba siku hizi tamaa imemzidi.

Hebu tamka maneno hayo mawili polepole: sitini, tisini. Irabu ni zilezile, i tatu. Tofauti yote ipo kwenye "s" na "t" zilizobadilishana nafasi, na hizo ni sauti nyembamba za juu. Sita na tisa ni vivyo hivyo. Mtu ambaye masikio yake yameanza kupoteza sauti za juu anazisikia irabu vizuri kabisa, halafu akili inajaza konsonanti kwa kubahatisha. Haoni kwamba hasikii. Anaona watu wanamung'unya maneno.

Shangazi ana mbalanga, yaani ngozi kupoteza rangi na kubaki na mabaka meupe, ambayo hospitalini wanaiita vitiligo. Ilianza vidoleni na pembeni mwa mdomo nikiwa darasa la nne, na sasa imefika viwikoni na kwenye kope. Amezunguka kliniki nyingi. Amepewa krimu, ameambiwa ajikinge na jua, na kuna mahali aliambiwa asihangaike kwa sababu huo ni ugonjwa wa urembo tu, hauui. Kauli hiyo inaniuma mpaka leo. Aliyeisema labda alitaka kumtuliza, lakini ndiyo iliyofunga mlango wa maswali mengine yote. Kwa miaka hiyo yote hakuna aliyemuuliza kuhusu masikio. Hata mimi sikuwahi kumuuliza.

Kumbe seli zinazotengeneza rangi ya mwili haziko kwenye ngozi peke yake. Zipo machoni, na zipo ndani kabisa ya sikio, kwenye ule mfereji uliojikunja kama gamba la konokono. Kule hazifanyi kazi ya rangi. Zinasaidia kuutia chaji ya umeme ule umajimaji wa ndani ya sikio, kiasi cha milivolti 80 hivi, na chaji hiyo ndiyo inayoziwezesha seli za kusikia kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Ushahidi wa kazi hiyo ni wa siku nyingi. Mwaka 1951 daktari wa macho wa Uholanzi, Petrus Johannes Waardenburg, alieleza hali ya kurithi ambayo leo ina jina lake: macho ya buluu au ya rangi mbili, shungi jeupe la nywele mbele ya kichwa, na kwa baadhi yao uziwi wa kuzaliwa. Seli za rangi zisipofika sikioni, sikio halisikii.

Mbalanga haifanani na hali hiyo. Hapa kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayozishambulia seli za rangi ambazo tayari zipo. Ila watafiti wa nchi mbalimbali waliowapima wenye mbalanga wamekuta kwa baadhi yao upungufu wa usikivu, hasa kwenye sauti za juu, na mara nyingi si mkubwa. Nalisema hili kwa uangalifu, kwa sababu wenye mbalanga wameshatishwa vya kutosha: mara ni ukoma, mara wamerogwa. Wengi wao wanasikia vizuri. Na shangazi ana miaka 58, hivyo umri nao unaweza kuwa na mchango wake.

Ninachodai ni kipimo. Nilikuwa naye siku aliyopimwa. Alikaa ndani ya kijumba kisichopitisha sauti, amevaa vipokea sauti, kitufe mkononi, abonyeze kila anaposikia mlio. Mwanzoni kidole kilikuwa hakitulii. Milio ilipopanda kuelekea juu, kidole kikatulia. Mimi nilikuwa nje ya kioo nikiona taa ya mashine inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, naye ananitazama akisubiri waanze. Kipimo chote hakikuchukua hata nusu saa.

Madaktari wa ngozi tayari wanajua kuuliza kuhusu tezi ya shingo, kwa kuwa maradhi yake huandamana na mbalanga. Waongeze na swali la masikio siku ya kwanza, wapate kiwango cha kuanzia. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Swali hili likiingia kwenye mafunzo kama hayo litafika hadi wilayani. Na ukipata mlio masikioni pamoja na kichwa kuuma, macho mekundu na kuona ukungu, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo, maana kuna ugonjwa mmoja unaoshambulia macho, masikio na rangi ya ngozi kwa pamoja, na ukicheleweshwa unaweza kupofusha.

Shangazi bado hajahitaji shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia mtu kusikia. Tulipotoka chumbani alimuuliza mpimaji ni vitu gani ambavyo huenda hasikii, akatajiwa ndege wadogo na nyenje. Alinyamaza kidogo. Akasema alidhani nyenje walihama mtaani kwao tangu viwanja vilipojengwa.

Siku hizi mezani kwake kuna kipande cha boksi na kalamu nene. Mteja akitaja bei, anaiandika, anamgeuzia aisome, ndipo anafunga mzigo.