Mtihani wa Kidato cha Pili: wanafunzi wetu wanaomba nini, na Zanzibar inaweza kubadilisha nini

Kila Novemba watahiniwa wa Kidato cha Nne wa Unguja na Pemba hufanya karatasi zile zile zinazofanywa na wenzao wa Mwanza na Mbeya, na matokeo yanapotoka mjadala wa kurekebisha mitihani huanza upya. Wizara husema, wazee husema, na sisi walimu husema kwa sauti kubwa kuliko wote. Wanafunzi wenyewe husikika kwa nadra. Nimefundisha Biolojia katika skuli za sekondari za Pemba na nimekuwa nikiwauliza wanafunzi wangu, wa mjini na wa shamba, wangependa mtihani uweje. Ni wachache mno wanaotaka mitihani ifutwe. Wanachobishania ni nani atoe alama, na alama hizo zitolewe kwa kazi gani.

Kabla ya kupima hoja zao, ni lazima ieleweke ni mtihani upi ulio mikononi mwetu. Elimu ya msingi na ya sekondari si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake, Sheria yake ya Elimu ya mwaka 1982 na Sera yake ya mwaka 2006. Lakini Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, limo katika orodha ya Mambo ya Muungano, nalo ndilo linalotunga na kusahihisha mitihani ya Kidato cha Nne na cha Sita kwa pande zote mbili. Mitihani ya chini ya hapo, ukiwemo wa Kidato cha Pili, iko chini ya Baraza la Mitihani la Zanzibar lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mara nyingi tunalalamikia mtihani ambao hatuwezi kuugusa peke yetu, huku ule tunaoweza kuugusa kesho tukiupita kimya.

Wanafunzi wanaotaka mabadiliko hulalamikia zaidi uzito wa siku moja. Mtoto amesoma miaka minne, baadhi ya muda huo katika mkondo wa mchana ambapo vipindi hukatika jua likiwa kali na wanafunzi wamechoka. Msimu wa karafuu ukiingia, wapo wanaokwenda kuchuma kwa sababu nyumbani hakuna kipato kingine. Mwalimu wa Fizikia amekuja na kuondoka. Kisha mtoto huyo hukalishwa saa tatu mbele ya karatasi, na saa hizo humweka kwenye daraja litakalomfuata kila atakapoomba chuo au kazi. Wanasema pia, na hapa sina la kuwapinga, kwamba mtihani wa namna hiyo umeharibu ufundishaji wetu: ukikaribia, skuli nyingi hufungua kambi, wanafunzi hulala skuli, na usiku kucha kazi huwa ni kupitia maswali ya miaka iliyopita na kukariri majibu yake. Wapo wanaofaulu kwa njia hiyo, na mwezi mmoja baadaye ukiwauliza swali lile lile kwa sura nyingine hawalitambui. Ombi la wanafunzi hawa ni kwamba kazi ya darasani ihesabiwe, na ihesabiwe kwa uzito wa kutosha.

Upande wa pili ulinishangaza mara ya kwanza nilipousikia, kwa sababu wanaoutetea mtihani wa nje, yaani unaotungwa na kusahihishwa nje ya skuli, kwa nguvu zaidi si wale wanaopata alama za juu. Ni watoto wa wazee wasio na jina, wengi wao wasichana kutoka shamba. Hoja yao ni nzito. Kisiwa chetu ni kidogo. Mwalimu anayesahihisha daftari ni jirani, au ameoa katika ukoo fulani, au ana la kumlipa mzazi fulani, na hata akiwa mwadilifu hawezi kuzuia wengine kumdhania vingine. Kwenye mtihani wa Baraza mtahiniwa ni namba. Msahihishaji hajui baba yake ni nani, hajui amevaa viatu gani, hajui kama mwaka jana aligombana na mwalimu wa darasa. Kwa mtoto wa aina hii, namba ile ni kinga ambayo hana pengine pa kuipata, na wanaotaka kupunguza mtihani wa nje hawana budi kumwambia ni kitu gani kitaishika nafasi yake.

Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Wazo la kuhesabu kazi ya mwaka mzima lilikuja na Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka mwanafunzi apimwe kwa masomo yake, kwa kazi zake na kwa mwenendo wake pamoja na mtihani wa mwisho. Tathmini hii endelevu imekuwemo katika mfumo wetu kwa miongo, na uzito wake umepandishwa na kushushwa zaidi ya mara moja, lakini maradhi yake yamebaki yale yale. Nimeshika fomu ya alama ambayo darasa zima lilikuwa na alama 26 hadi 29 kati ya 30, na katika madaftari ya wanafunzi hao hao kazi ya mwisho yenye wino mwekundu ilikuwa imepita muhula mzima nyuma. Sitaki kumlaumu mwalimu aliyeijaza. Mwenye mikondo mitatu ya darasa lililofurika hawezi kusahihisha kila wiki, na akitoa alama za kweli wakati skuli ya jirani inatoa za huruma, anawaumiza wanafunzi wake mwenyewe. Hata hivyo, fomu ya namna hiyo haimpimi yeyote.

Juu ya hayo, wanafunzi wamezoea kuona marekebisho yanayogusa hesabu tu. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, yalifutwa na Serikali na kupangwa upya mwaka 2013. Matokeo ya mwaka 2014 yalitolewa kwa wastani wa alama badala ya madaraja, na mwaka mmoja tu baadaye madaraja yakarudi. Orodha za skuli bora na za mwisho, ambazo mwaka 2016 zilizitia skuli kadhaa za Unguja katika kumi za chini kwa Kidato cha Sita na kuzua fadhaa kubwa, ziliachwa kutangazwa Januari 2023. Hilo la mwisho naliunga mkono, kwani orodha ile iliwaaibisha watoto kwa upungufu wa watu wazima. Lakini katika yote hayo, swali lililoandikwa kwenye karatasi halikubadilika.

Swali hilo huandikwa kwa Kiingereza, na hapa ndipo naona kiini cha suala zima. Sera ya mwaka 2006 iliamua Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na sekondari imo katika lugha hiyo karibu yote. Nilipofundisha osmosisi katika skuli moja ya pwani, niliuliza kwa Kiswahili kwa nini samaki akitiwa chumvi hutoa maji na kukauka hata kabla hajaanikwa. Kijana ambaye kwa kawaida hukaa kimya alisimama akaeleza jinsi nyumbani kwao wanavyopasua papa, wanavyomjaza chumvi na kumpanga, na jinsi maji yanavyochuruzika hadi nyama ikashikana; kisha akasema mwenyewe kwamba chumvi iliyo nyingi nje ndiyo inayoyavuta maji yaliyo ndani. Hiyo ndiyo osmosisi, na ameifahamu kuliko kitabu kinavyoieleza. Kwenye jaribio la wiki iliyofuata aliandika mistari miwili ya Kiingereza aliyoikariri, nusu yake ikiwa imepinduka, akapata alama 1 kati ya 5. Alama ile niliitoa mimi, kwa sababu mwongozo wa kusahihisha haukuniruhusu kutoa nyingine.

Inafaa nikiri kwamba wanafunzi hawako upande mmoja katika jambo la lugha. Wapo wanaokikataa Kiswahili katika mtihani wa sayansi, khasa wale wanaolenga vyuo vikuu au kazi za hoteli na utalii, kwa kuogopa kwamba cheti chao kitaonekana duni, na kwamba watoto wa skuli za binafsi wataendelea kusoma kwa Kiingereza na kuwapita. Hofu yao ni ya haki. Ila mtihani wa Biolojia unapompima mtoto Kiingereza, hatupati jibu la kama anajua Biolojia, wala hatumfundishi Kiingereza kwa kumnyima alama.

Kwa mizani hii, naona pa kuanzia ni Kidato cha Pili. Sera inasema elimu ya lazima inafika Kidato cha Nne, lakini mtihani huu bado unachuja, na mtoto anayeshindwa hubaki kurudia au hutoka. Wanaotetea mchujo wana hoja ambayo haifai kupuuzwa: kumpandisha Kidato cha Tatu mtoto asiyeweza kusoma aya moja ni kumtesa, na madarasa ya juu hayana walimu wa kutosha. Pamoja na hayo, mtihani unaweza kubaki ukaonesha mwanafunzi amekwama wapi bila ya kuwa mlango wa kutokea. Ubaki wa nje na ubaki wa namba, kama watoto wasio na jina wanavyoomba. Maswali ya sayansi yaandikwe kwa lugha zote mbili, na mtahiniwa ajibu kwa ile anayoimudu. Kazi za darasani zihesabiwe pale tu ambapo zimehifadhiwa, na Baraza lichukue sampuli ya madaftari ya wilaya ya Mkoani liwapelekee walimu wa wilaya ya Micheweni wayasahihishe upya, ili alama za huruma zionekane. Na vyuo vya mafunzo ya amali kama vya Vitongoji na Daya vielezwe kwa wanafunzi kabla ya mtihani, wakati mtoto bado anaweza kuvichagua kwa kuvipenda, kwani leo wengi huvisikia baada ya kushindwa na huvihesabu kuwa adhabu.

Ugumu mmoja utabaki hata haya yakifanyika. Mwanafunzi aliyejibu kwa Kiswahili Kidato cha Pili atakutana na karatasi ya Kiingereza miaka miwili baadaye, na karatasi hiyo haimo katika mamlaka yetu. Kwa hiyo vipindi vya Kiingereza katika Kidato cha Tatu vinapaswa kuongezwa na kufundishwa na walimu wa lugha, na Wizara yetu ilipeleke rasmi suala la karatasi za lugha mbili kwenye Baraza la Mitihani la Tanzania, ikiwa na madaftari yaliyosahihishwa ya watoto wetu kuwa ushahidi.