Mita 7 Hadi Kiunoni

Barabara yetu imebanwa kati ya nyumba na ziwa, na lami yake imeliwa kingo hadi magari mawili yakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Ilipotangazwa kwamba itajengwa upya, majirani waliokuwa hawasalimiani wakaanza kutembeleana usiku kutafuta wafuasi. Ugomvi ulikuwa mmoja tu: ijengwe na upana gani?

Kambi ya kwanza ilitaka mita 7. Hoja yao ilikuwa moto. Gari la zimamoto peke yake lina upana wa karibu mita 2.5, likisimama kushusha mipira nani atapita? Kambi ya pili ilitaka mita 5 na sentimita isizidi. Mama mmoja wa kambi hiyo alisimama na kutueleza, kwa sauti ya mtu aliyeuguza, kwamba barabara ikitanuka madereva hukanyaga mafuta, na kwamba kila kipande cha lami ni mvua isiyozama ardhini: inatiririka ziwani na uchafu wote, fosforasi inaingia, mwani unashiba. Nilimwelewa. Niliwaelewa na wale wa moto pia. Basi nikajikuta katika kambi ya mita 5.5, yenye wanachama wawili, mimi na bwana mmoja aliyekuwa amesinzia.

Mhandisi akajaribu kutuokoa. Gari dogo, alisema, lina kama mita 1.8, mawili yakipishana taratibu, mita 5.5 zinatosha. Kwa mara ya kwanza kambi zote mbili zikakubaliana: zikamzomea.

"Tukapime huko huko," mwenyekiti akaamua, "tuache kupiga domo."

Tukatoka. Mhandisi akatoa futi, ile ndefu ya utepe unaoviringishwa ndani ya kasha. Ncha yenye kijichuma akapewa mzee wa kambi ya mita 7, aibane kwenye uzio. Kasha nikapewa mimi, kwa kuwa "huyu hana upande". Kazi yangu ilikuwa kurudi kinyumenyume nikisoma namba kwa sauti.

"Tano!" Niko juu ya lami. Kambi ya pili ikashangilia.

"Tano na nusu!" Kisigino kiko kwenye ukingo uliomeguka. Nikafungua kinywa niseme kwamba hapa, ndugu zangu, ndipo penyewe.

"Endelea mpaka saba!" mzee akanguruma. "Na vuta, futi isilegee!"

Kwenye sita nilikuwa kwenye majani. Yule mama akapiga kelele, "Angalia nyuma, baba!" Mzee akajibu, "Msimchanganye mpimaji!" Mimi nikavuta, maana futi ikilegea kipimo kinakuwa cha uongo, na hilo kila fundi analijua. Nikaegemea nyuma kabisa, uzito wangu wote umeshikwa na utepe. Hapo ndipo simu ya mzee ilipoita.

Akaachia ncha, akapokea.

Nilichokiona mwisho kikiwa kikavu ni kile kijichuma kikija kasi juu ya lami, kikirukaruka kama panzi, kinanifuata. Kisha mbingu, kisha maji. Nilipopata kusimama yalikuwa yamenifika kiunoni, na begani nilikuwa na shela ya mwani wa kijani. Kandambili moja ilishaanza safari.

Hakuna aliyeninyooshea mkono. Walikuwa wamepata ushahidi.

"Huo!" mama akanionyesha kwa kidole. "Huo mwani begani kwake ndio ninaousema tangu asubuhi!"

"Na barabara ingekuwa pana," mzee akasema, simu ingali sikioni, "angeanguka?"

Mhandisi ndiye pekee aliyesogea hadi ukingoni. Akainama, akafungua daftari. "Samahani," akaniuliza kwa adabu, "ulipokuwa unaondoka nchi kavu ilisoma ngapi?"

"Sita na sentimita arobaini."

Akaandika. Ugomvi ukawaka upya. Kambi ya mita 5 ikataka namba hiyo iingie kwenye muhtasari mara moja: mita 7 ni ndani ya ziwa, mtu amekwenda ameona. Kambi ya mita 7 ikasema kipimo ni batili, kwa sababu ncha iliachiwa. Aliyeiachia ndiye aliyepinga kwa ukali zaidi.

"Basi tupime tena," mwenyekiti akasema. "Nani atashika kasha?"

Kimya. Wakatazamana viatu, wakatazama nguo zao. Yule bwana wa kambi yangu akazinduka wakati huo huo, akanitazama nikiwa bado majini, akatoa mchango wake wa pekee wa siku nzima:

"Si huyu, ameshalowa?"