Vitufe 64 au pedi 16: prodyuza anayeanza Dar anunue kipi?

Kijana mmoja wa Tandale anayetengeneza biti za singeli aliniuliza mwezi uliopita: "Kaka, nimedunduliza laki 3. Nichukue ule ubao wa vitufe vingi vinavyowaka taa, au huu wa pedi 16?" Nilimjibu papo hapo achukue wa pedi 16, yaani vipande vya mpira vinavyopigwa kwa vidole. Tangu siku hiyo jibu lile linanikera, kwa sababu sikumuuliza kwanza anataka kuufanyia kazi gani.

Wengi hugundua wakiwa wameshalipa kwamba ubao wenyewe hauna sauti. Ukiubonyeza bila laptopu, husikii kitu. Kazi yake ni kupeleka ujumbe wa MIDI: kitufe fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, sasa kimeachiwa. Programu ndiyo inayoamua ujumbe huo uwe ngoma, lupu ya kinanda (kipande kinachojirudia) au kipande cha taarab kilichoharakishwa. Kwa hiyo anayenunua ubao ananunua namna ya kuiamrisha programu aliyonayo.

Namna hizo ziko mbili, na kila moja ina asili yake. Pedi 16 zilizopangwa nne kwa nne zilipata umaarufu kupitia mashine ya MPC60 ya mwaka 1988, ambayo Roger Linn aliibuni kwa ajili ya kampuni ya Akai. Pale vidole vinapiga kama mikono inavyopiga ngoma. Vitufe 64, vinane kwa vinane, vilitoka kwingine. Monome ya Marekani ilianza mwaka 2006, kisha mwaka 2009 Novation ya Uingereza ikatoa Launchpad kwa kushirikiana na Ableton, watengenezaji wa programu ya muziki ya Live. Kila safu wima ni chombo kimoja, kila kitufe ni klipu, yaani kipande cha muziki. Ukibonyeza, lupu inaanza na kitufe kinawaka.

Wanaotetea pedi 16 wana hoja nzito, na sitaki kuipunguza uzito. Rafiki yangu mmoja wa Mwananyamala amekua akipiga ngoma za mchiriku. Siku moja nilimpa Launchpad Mini, ile ndogo ya vitufe 64, ajaribu. Akagusa kitufe kwa ncha ya kidole, kisha akakipiga kofi la nguvu. Sauti ya ngoma ya sneya ikatoka vilevile mara zote mbili. Akaugeuza ubao chini juu, akautazama kama mtu anayetafuta swichi iliyosahaulika. Swichi hakuna. Launchpad Mini na APC Mini ya Akai, nayo ya vitufe 64, hazipimi nguvu ya kidole, ilhali pedi 16 za MPD218 ya Akai zinapima, na mpira wake mpana unapokea kidole vizuri. Kwa mtu ambaye muziki wake unakaa mikononi, kumpa vitufe visivyojua tofauti ya kugusa na kupiga ni kumnyang'anya nusu ya ufundi wake. Ukitengeneza Bongo Flava chumbani na unataka ngoma zako zipumue, sioni sababu ya kukupeleka kwingine.

Singeli ina hesabu yake. Chukua biti ya mapigo 200 kwa dakika, na zipo zinazopita hapo kwa mbali. Pigo moja linakaa sekunde 0.3, na ukiligawa mara nne, kila kipande ni sekunde 0.075. Hakuna vidole vya kupiga vipande hivyo kwa dakika kumi mfululizo huku MC akishusha mistari. Kinachochezwa ni lupu: unaingiza ngoma, unaondoa kinanda, unakata kila kitu pigo moja, unarudisha. Hapo vitufe 64 vinabeba mzigo vizuri, kwa kuwa programu inaweza kusubiri mwanzo wa baa ndipo iwashe klipu uliyobonyeza. Baa ya mapigo manne kwa mwendo wa 200 ni sekunde 1.2 tu. Kwa mwendo wa 100 ungesubiri sekunde 2.4. Kidole kikiwahi kidogo, lupu haiwahi.

Hilo linagusa jambo ambalo sikulifikiria nilipomjibu yule kijana, nalo ni umri wa laptopu yake. Laptopu iliyochoka inahitaji bafa kubwa (akiba ya sauti inayoandaliwa kabla ya kusikika) ili sauti isikatike. Bafa ya sampuli 512 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde inachelewesha sauti kwa takriban milisekunde 12, wakati ile ya 128 inachelewesha kama 3, na juu ya hapo kuna ucheleweshaji wa kadi ya sauti yenyewe. Anayepiga ngoma kwenye pedi anausikia mwanya huo kwenye kila pigo. Anayewasha lupu haumsumbui, kwani programu ilikuwa inasubiri baa kwa vyovyote. Mwenye laptopu ya mtumba, kama walivyo wengi wetu mjini hapa, ana sababu ya kuegemea vitufe 64 hata kabla hajazungumzia mtindo wa muziki.

Kuna wanaosema hakuna haja ya kununua hata kimoja. Maprodyuza wa singeli wamewasha Manzese na Mburahati kwa kibodi ya laptopu tu, na Jagwa Music wa Mwananyamala walifika majukwaa ya Ulaya na kinanda kidogo cha Casio. Ni kweli, na ninawaheshimu sana. Ila kibodi haikuambii lupu ipi inacheza. Kwenye kigodoro, gizani, watu wamekusonga na spika iko mgongoni, unahitaji kuona kwa jicho moja kwamba ngoma imewaka na besi imezimwa. Taa za ubao zinafanya kazi hiyo. Isitoshe, Launchpad Mini inakula umeme wa laptopu kupitia waya wa USB, kwa hiyo huhitaji tundu jingine kwenye ekstensheni.

Halafu suala la programu. Launchpad huja na Ableton Live Lite yenye traki 8, lakini maprodyuza wengi ninaowafahamu Dar wanatumia FL Studio. Tangu toleo la 11 la mwaka 2013, FL Studio ina sehemu ya kucheza klipu inayoitambua Launchpad, ingawa lazima uzipange klipu kwenye pleilisti (ukurasa wa kupangia wimbo) mapema, kazi inayotaka uvumilivu. Akai walitoa Fire mwaka 2018 kwa ajili ya FL Studio: pedi 64 katika mistari 4 ya 16, sawa na zile hatua 16 (visanduku vya kupangia mapigo) ambazo kila mtumiaji wa FL Studio anazijua. Kwa kupanga ngoma hatua kwa hatua, sijaona ubao unaoendana nayo zaidi.

Anayetaka vitufe 64 vinavyopima nguvu ya kidole pia, Launchpad X ipo. Ilipotoka mwaka 2019, bei yake ughaibuni ilikuwa takriban dola 200, karibu mara mbili ya Launchpad Mini, kabla ya usafiri na ushuru. Laki 3 haifiki.

Ukienda Kariakoo kutafuta wa mtumba, nenda na laptopu yako na waya wako mwenyewe. Waya nyingi za USB zinazozagaa ni za kuchajia tu: ubao utawaka taa, laptopu haitauona, nawe utadhani ni mbovu. Bonyeza kila kitufe, vyote 64, hasa vya pembeni.

Juzi nilimpigia simu yule kijana. Nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza mwanzo. Kumbe anachezea MC kwenye vigodoro kila wikiendi, na laptopu yake aliirithi kwa kaka yake. Nikamwambia nilikosea: achukue wa vitufe 64, ule mdogo usiopima nguvu. Akauliza safu ya kwanza aweke nini. Nikamwambia ngoma, ya pili besi, ya tatu kinanda, na ya mwisho aiache tupu hadi amsikie MC wake anaomba nini.