Si kutwa tu, ni usiku na mchana

Mwandishi wa makala kuhusu Yom Kippur, siku kuu ya toba ya Wayahudi, anasema siku hiyo wao hufunga "kuanzia alfajiri hadi magharibi". Hapo kachanganya na saumu yetu Waislamu. Wao huanza kabla jua halijatua, wakalala nayo, wakashinda nayo mpaka nyota zionekane kesho yake: kama saa 25 hivi, bila chakula wala tone la maji. Hata viatu vya ngozi hawavai, ndiyo maana utamwona mzee kavaa nguo nyeupe safi, chini raba za kitambaa!

Lakini makala imelipita juu juu jambo kubwa zaidi. Kwa mafundisho yao, siku hiyo hufuta makosa baina ya mja na Mungu. Uliyemdhulumu au kumsengenya jirani, hilo halifutiki mpaka umwendee mwenyewe umtake radhi. Basi siku za kabla yake watu hutafutana, hupigiana simu. Mimi naiona kazi hiyo nzito kuliko njaa.

Alasiri husomwa habari za Yona, ndiye Nabii Yunus wetu, na toba ya watu wa Ninawi. Usiku ukiingia hupulizwa pembe ya kondoo dume, ndipo wanafuturu.